Merton Miller, profesa aliyefundisha kwamba deni peke yake haliongezi thamani ya kampuni

Tarehe 3 Juni 2000, profesa Merton Miller alifariki mjini Chicago, inchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 77. Watu wengi wa kawaida hawakulijua jina lake. Lakini mwanafunzi anayesoma usimamizi wa feza za kampuni katika chuo kikuu, karibu popote duniani, ni lazima akutane nalo tangu masomo ya kwanza.

Swali lililomfanya ajulikane linaweza kuulizwa na mfanyabiashara yeyote. Kampuni inayotafuta mtaji ifanye nini: ikope banki, au iingize wenye hisa wapya? Na je, kuna kipimo cha deni ambacho kinaifanya kampuni iwe na thamani kubwa zaidi? Jibu alilotoa mwaka 1958 pamoja na mwenzake Franco Modigliani liliwashangaza walimu na mabanki, na mabishano juu yake hayajaisha mpaka leo.

Mtoto wa avoka wa Boston

Miller alizaliwa Boston tarehe 16 Mei 1923, mtoto pekee wa Joel na Sylvia Miller. Baba yake alikuwa avoka aliyesoma Harvard, na kijana akafuata njia hiyohiyo. Aliingia Harvard mwaka 1940, lakini akachagua uchumi na kuacha sheria. Kati ya wanafunzi wenzake alikuwamo Robert Solow, ambaye naye baadaye alipata tuzo ya Nobel.

Alimaliza mwaka 1943, vita ikiwa bado inaendelea. Serikali ilimwajiri kwenye Hazina ya Marekani, katika kitengo kilichochunguza mambo ya kodi, kisha akahamia kwenye banki kuu ya inchi hiyo. Ujuzi huo wa kodi ulikuja kumsaidia sana baadaye.

Mwaka 1949 alirudi shuleni, safari hii katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, na akapata udokta mwaka 1952. Alifundisha mwaka mmoja mjini London, kisha akaitwa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, kwenye taasisi ya Carnegie. Hapo kulikuwa na shule mpya ya biashara kwa wanafunzi waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Shule hiyo ilitaka usimamizi wa kampuni ufundishwe kwa utafiti na hesabu, si kwa mazoea tu.

Darasa ambalo hawakulizoea

Ni huko Carnegie ambako Miller alikutana na Modigliani, Muitaliano aliyekimbia utawala wa Mussolini. Wote wawili walikuwa wachumi, na wote wawili walipewa kazi ya kufundisha feza za kampuni, somo ambalo hawakulisomea.

Walipofungua vitabu vya wakati ule walikuta mambo yasiyopatana. Vilikuwa vimejaa desturi za mabanki, hadithi za kampuni zilizofaulu au kuanguka, na kanuni ambazo hakuna aliyeeleza zilitoka wapi. Walimu wengi walifundisha kwamba deni la kadiri ni zuri, kwa sababu riba ya banki ni ndogo kuliko faida ambayo wenye hisa wanadai. Lakini kadiri hiyo ni ipi? Kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Wawili hao hawakutaka kusimama mbele ya wanafunzi na kurudia jambo ambalo wao wenyewe hawakulielewa. Walianza upya, na kazi yao ikatoka Juni 1958 katika jarida la wachumi wa Marekani, American Economic Review.

Hoja yao inaeleweka kwa mfano. Tuchukue kampuni mbili zinazofanya kazi moja na kuingiza faida sawa, dola 100 000 kila mwaka. Ya kwanza haina deni. Ya pili imekopa nusu ya mtaji wake. Ikiwa soko linaiuza ile ya pili kwa bei ya juu, mtu mwenye akili atauza hisa zake huko, atakopa kwa jina lake mwenyewe, na kununua hisa za ile isiyo na deni. Atapata faida ileile kwa gharama ndogo. Wengi wakifanya hivyo, bei ya moja itapanda na ya nyingine itashuka, mpaka zilingane.

Na ile riba ndogo ya banki? Banki inalipwa kwanza, wenye hisa wanapata kinachobaki. Deni likiongezeka, hatari ya wenye hisa inaongezeka pia, na wanadai faida kubwa zaidi. Kinachookolewa upande mmoja kinaliwa upande mwingine. Thamani ya kampuni inatoka kwenye kazi inayofanya na faida inayoingiza.

Ubishi na kusahihisha

Majibu makali hayakuchelewa. Mwaka 1959, David Durand, profesa aliyeheshimiwa katika somo hilo, aliandika kwamba soko la kweli halifanani na hilo la kwenye karatasi. Hoja ilisimama juu ya masharti mazito: hakuna kodi, kufilisika hakugharimu kitu, kila mtu anakopa kwa riba sawa na kampuni, na wote wana habari sawa.

Miller hakuyaficha masharti hayo. Mwaka 1963, yeye na Modigliani walijisahihisha hadharani juu ya kodi: serikali ya Marekani inaruhusu kampuni kutoa riba kabla ya kuhesabu kodi, kwa hiyo deni lina faida ya kweli hapo. Mwaka 1977 alirudi tena na kuonyesha kwamba kodi anayolipa mwenye kupokea riba inaweza kuila faida hiyo. Kwa wale waliosema kampuni zinapima faida ya kodi na gharama za kufilisika kwa usawa, aliwajibu kwa mzaha wa supu ya farasi na sungura: farasi mmoja, sungura mmoja.

Baada ya miaka 30 alieleza kwamba kuonyesha kisicho na maana ni njia ya kugundua chenye maana. Mkuu wa kampuni akidai deni litamletea utajiri, inabidi aseme unatoka wapi: kwenye kodi, kwenye nidhamu ya viongozi, au kwenye kitu kingine. Ikiwa hana la kujibu, utajiri huo haupo.

Chicago, Louvain na Nobel

Mwaka 1961 Miller alihamia shule ya biashara ya chuo kikuu cha Chicago, akabaki huko mpaka alipostaafu mwaka 1993. Alitoka mwaka mmoja tu, 1966 hadi 1967, kwenda kufundisha Ubelgiji katika chuo kikuu cha Louvain, kilekile kilichoanzisha Lovanium mjini Kinshasa mwaka 1954.

Kati ya wanafunzi wake walikuwamo Eugene Fama na Myron Scholes, ambao wote wawili walikuja kupata Nobel. Modigliani aliipata mwaka 1985. Siku hiyo watu wa televisheni walimfuata Miller ili aeleze ugunduzi wao kwa maneno machache. Alianza kwa kirefu, nao hawakuelewa. Mwishowe aliwaambia kwamba ukitoa pesa kwenye mfuko wa kushoto na kuzitia kwenye wa kulia, hujatajirika. Walifunga vyombo vyao na kuondoka. Zamu yake ilifika mwaka 1990, pamoja na Harry Markowitz na William Sharpe.

Alikuwa mtetezi mkali wa soko huru. Masoko ya hisa yalipoanguka Oktoba 1987, aliongoza kamati ya wasomi iliyoundwa na soko la Chicago Mercantile Exchange kuchunguza sababu, na akakataa kwamba biashara ya mikataba ya Chicago ndiyo iliyoleta balaa. Wapinzani wake walisema alikuwa karibu mno na masoko hayo. Mwaka 1998 waliongeza sauti, pale mfuko wa LTCM, ambao Scholes alikuwa mmoja wa washirika wake, ulipoporomoka baada ya kukopa zaidi ya mara 20 ya mtaji wake. Mabanki yalilazimika kutia dola bilioni 3,6 kuuokoa. Hapo gharama ya kuanguka, ambayo hesabu ya 1958 iliiweka pembeni, ilionekana na kila mtu.

Nyumbani alijulikana kuwa mtu wa utani na mshabiki wa timu ya Chicago Bears. Mke wake wa kwanza, Eleanor, alifariki mwaka 1969 na kumwachia mabinti watatu. Baadaye alimuoa Katherine, na walikuwa wakienda pamoja kupumzika shambani mwisho wa juma. Modigliani alimfuata kaburini mwaka 2003. Kila mwaka wa masomo, wanafunzi wapya wa feza wanaanza na hesabu yao ya kampuni mbili, kisha wanaondoa sharti moja baada ya lingine ili kuona ni wapi deni linasaidia na ni wapi linaua.