Daktari wa Mtaa wa Nelson

Hugh Owen Thomas hakuwahi kupata cheo katika hospitali yoyote kubwa. Lakini ingia wodi ya mifupa ya hospitali nyingi za kufundishia, utakuta gango la chuma lenye jina lake, na wanafunzi wa udaktari wanaulizwa kulihusu kwenye mtihani.

Alizaliwa mwaka 1834 kisiwani Anglesey, Wales, katika ukoo wa waganga wa kuunga mifupa. Baba yake, Evan, aliifanya kazi hiyo Liverpool bila cheti, akawa anaburuzwa mahakamani kila mara. Mzee akaona dawa ya moto ni moto: akawasomesha watoto wake watano wa kiume udaktari, wote. Hugh alipita Edinburgh na London, akafuzu mwaka 1857, akarudi kufanya kazi na baba. Hawakuelewana. Akajitegemea, na baadaye akatulia Mtaa wa Nelson, namba 11.

Pale palikuwa zahanati na karakana kwa pamoja. Mhunzi na fundi wa ngozi walitengeneza magango papo hapo kwa kipimo cha mgonjwa. Jumapili maskini walitibiwa bure. Mwenyewe alikuwa kamwili kadogo, kofia kaishusha upande wa jicho bovu, sigara haitoki mdomoni (daktari huyo!).

Kanuni yake ilikuwa moja tu: kiungo kinachoumwa kipumzishwe kabisa, bila kukatiza, kwa muda mrefu. Gango lake la mguu lina pete iliyofunikwa ngozi, inakaa juu kabisa ya paja, na vyuma viwili vinavyoshuka pande zote mbili hadi kupita unyayo. Mguu unavutwa na kufungwa huku chini, mfupa unatulia. Alilieleza kitabuni mwaka 1875.

Sasa, mimi nasomea ualimu, na hapa namwangalia kwa jicho kali kidogo. Wanaomtetea husema wakubwa walimtenga. Sawa, walimtenga. Lakini naye aliandika kwa ugomvi, somo likafunikwa na matusi kwa wenzake. Alikuwa na maarifa, hakuwa na namna ya kuyafikisha. Alifariki mwaka 1891, akiwa na miaka 56, na wafanyakazi wa Liverpool wakafurika mazikoni kwa maelfu. Wenye hospitali zao walikuwa bado hawajamsikiliza.

Aliyefikisha somo ni Robert Jones, mtoto wa ndugu wa mke wake, aliyekuja kuishi naye mwaka 1873 akiwa na miaka 16. Huyu alikuwa mpole, watu wanampenda, wageni wanatoka hadi Marekani kuja kumtazama akifanya upasuaji. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, askari waliovunjika paja kwa risasi walikuwa wakifa wengi mno: ncha za mfupa zinachezacheza njiani, damu inamwagika ndani. Jones akasisitiza gango la mjomba lifungwe mapema, hukohuko mbele. Historia nyingi za tiba husema vifo hivyo vilishuka kutoka asilimia 80 hivi mwaka 1916 hadi karibu 20 mwaka 1918.

Hesabu mwenyewe kutoka 1875 hadi 1916. Ni miaka 41, na chuma chenyewe ni kilekile.

Baada ya vita, Chuo Kikuu cha Liverpool kilianzisha shahada ya upasuaji wa mifupa. Kiti cha profesa wa somo hilo kilipofunguliwa mwaka 1938, alikikalia McMurray, mwanafunzi wa Jones.