Mobutu, mtoto wa mpishi aliyeshuka kutoka mawinguni

Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya televisheni ya Zaire ilifunguliwa kwa picha ileile: anga, mawingu, na kutoka katikati ya mawingu hayo uso wa mtu mwenye miwani ya fremu nene, ukishuka taratibu kuwaelekea watazamaji. Ndipo habari zilipoanza, na nyingi zilimhusu yeye. Wasikilizaji wetu wa makamo wenye jamaa Uvira, Bukavu au Kalemie wanamkumbuka Mobutu Sese Seko vizuri kuliko wangependa. Vijana wao wanamjua zaidi kwa kofia yake ya ngozi ya chui, ambayo siku hizi huvaliwa kwa mzaha katika sherehe.

Hakuzaliwa katika utajiri. Alizaliwa Lisala, kando ya Mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930, akaitwa Joseph-Désiré. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi wa hakimu wa Kibelgiji. Mama yake, Marie-Madeleine Yemo, aliwahi kufanya kazi katika hoteli. Mke wa hakimu alimpenda mtoto huyo, akamfundisha Kifaransa. Baba alipofariki, mtoto akiwa na miaka minane, maisha ya nyumba ile kubwa yakakatika. Huenda ndipo alipojifunza kuutazama utajiri kwa jicho la mtu aliyeuona kwa karibu bila kuwa wake, ingawa hilo ni wazo la mwandishi wa makala haya na si jambo lililothibitishwa.

Mapadri wa misheni walichoshwa na utundu wake, wakampeleka jeshini, katika Force Publique. Huko alijifunza kazi ya ofisi, akafika cheo cha sajini. Mwaka 1956 aliingia katika uandishi wa habari mjini Léopoldville, na hatua hiyo haina budi kukumbukwa, kwa maana mtu aliyekuja kuitawala nchi kwa picha alianza kama mtu wa magazeti. Katika miaka hiyo alikutana na Patrice Lumumba. Uhuru ulipopatikana Juni 1960, Lumumba alimkabidhi wadhifa wa juu jeshini. Septemba mwaka huohuo Mobutu alimwondoa madarakani. Tarehe 24 Novemba 1965 alitwaa nchi yote, na Juni 1966 mawaziri wanne wa zamani, akiwemo Évariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu, walinyongwa hadharani mbele ya umati mjini Kinshasa. Maonyesho ya kwanza ya utawala wake yalikuwa hayo, na hayakuwa ya anasa.

Yaliyofuata yalikuwa ya namna nyingine. Mwaka 1971 nchi, mto na sarafu vilishirikiana jina moja, Zaire. Mwaka uliofuata raia walitakiwa kuacha majina ya Kikristo, naye akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Tafsiri za jina hilo ni nyingi, na mtafsiri yeyote wa chumba cha habari amewahi kusumbuliwa nalo. Iliyoenea zaidi humtaja kama shujaa asiyeshindwa, aendaye kutoka ushindi mmoja hadi mwingine akiacha moto nyuma yake. Suti na tai zilipigwa marufuku, wanaume wakavaa abakosti. Wanawake walivaa vitenge vyenye sura yake kifuani na mgongoni, wakacheza na kuimba sifa zake uwanjani. Mwaka 1975 vyombo vya habari viliamriwa kwa wiki kadhaa kutomtaja kiongozi mwingine yeyote kwa jina. Mawaziri walitajwa kwa vyeo tu.

Tarehe 30 Oktoba 1974 aliuonyesha ulimwengu kile alichotaka uuone. Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa kabla ya mapambazuko, kila mmoja akiahidiwa dola milioni 5. Ali alishinda katika raundi ya nane. Mobutu mwenyewe hakutokea uwanjani, lakini picha zake zilikuwa zimetanda kila mahali. Mwaka huohuo bei ya shaba, tegemeo la hazina, ilianza kuporomoka. Maduka na mashamba ya wageni, yaliyotaifishwa kufuatia hotuba yake ya Novemba 1973 na kugawiwa watu wa karibu na utawala, yalikuwa yakibaki rafu tupu. Wengi waliopewa hawakuwa wafanyabiashara. Waliuza bidhaa zilizokuwemo, wasinunue nyingine.

Ni kosa kudhani kwamba anasa yake ilikuwa siri iliyofichuliwa baadaye. Ilionyeshwa makusudi. Katika hotuba ya mwaka 1976 aliwaambia watumishi wa umma, kwa maana isiyojificha, kwamba anayeiba na aibe kidogo na kwa akili. Mtawala aliyeonekana akigawa fedha kwa mkono wake aliwafundisha watu kumtegemea yeye badala ya sheria au mshahara. Hospitali kuu ya Kinshasa ilipewa jina la mama yake, Mama Yemo. Mgonjwa aliyelazwa humo mara nyingi alilazimika kujinunulia dawa na vifaa.

Lakini hakuna mahali palipoeleza mambo kama Gbadolite. Kilikuwa kijiji cha asili ya wazazi wake, msituni, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hapo palijengwa makasri, moja likipambwa kwa marumaru kutoka Italia, majumba ya mtindo wa Kichina, hoteli, na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kwa Concorde, ambayo aliikodi kwa safari zake. Bwawa la Mobayi, katika Mto Ubangi, lilileta umeme. Vijiji vya jirani viliendelea kuwasha koroboi. Mwaka 1992 alimwoza binti yake huko, na keki ya harusi ililetwa kwa ndege kutoka Paris. Miezi michache kabla, Septemba 1991, askari wasiolipwa mishahara walikuwa wameipora Kinshasa.

Waliokataa walikuwepo, na walilipa. Wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, walimwandikia barua ya wazi mwaka 1980, walikamatwa. Erwin Blumenthal, Mjerumani aliyepelekwa na Shirika la Fedha la Kimataifa kuisimamia benki kuu, aliondoka, na mwaka 1982 akaandika kwamba wadai wa Zaire hawakuwa na matumaini ya kurudishiwa fedha zao. Mikopo iliendelea kutolewa. Nchi za Magharibi zilimhitaji katika Vita Baridi, na yeye alilijua hilo.

Noti ndizo zilizomsaliti kwanza. Sarafu ya zaire ilipoanzishwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2. Mwanzoni mwa 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, zenye sura yake, ambazo thamani yake haikuzidi dola chache. Tshisekedi, wakati huo waziri mkuu, alitangaza kwamba si fedha halali, na wenye maduka wakazikataa. Askari walifyatua risasi mitaani. Watu wengi waliuawa, akiwemo balozi wa Ufaransa.

Saratani ya tezi dume ilikuwa tayari imemdhoofisha vita vilipoanza mashariki mwa nchi mwaka 1996. Tarehe 16 Mei 1997 aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite, na siku iliyofuata majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia mji mkuu. Aliondoka Gbadolite kwa ndege ya mizigo huku baadhi ya walinzi wake mwenyewe wakiipiga risasi. Baadaye waporaji waliingia kasri kwa kasri, wakaondoka na samani, vioo, nyaya na hata marumaru za sakafuni. Leo miti imeota ndani ya kumbi hizo, na vijana wa hapo huwatembeza wageni kwa malipo madogo.

Utajiri wake ulikadiriwa kuwa mabilioni ya dola. Uswisi ilizuia faranga zake milioni 7.7 tu, na mwaka 2009, kesi ya Kongo iliposhindwa, hata hizo zikaachiwa warithi wake.

Alifariki Rabat, Morocco, tarehe 7 Septemba 1997, akiwa na miaka 66. Amezikwa katika makaburi ya Wakristo mjini humo. Juu ya kaburi hakuna jina refu. Kuna herufi tatu, M.S.S.