Krapf alikuja na macho ya Ezekieli

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukishaipita Samburu, utafika Taru. Wengi hawashuki. Mimi hushuka, kwa kuwa ndiko alikozikwa nyanya yangu mzaa mama, Mduruma wa hapo hapo. Safari hii nilishuka na mtu mwengine kichwani mwangu: Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyeivuka nyika hii kwa miguu mwaka 1849 akielekea Ukambani. Misafara ya zamani ilipitia Taru kwa ajili ya maji ya mvua yaliyotuama kwenye mashimo ya miamba. Kwengine kote ilikuwa miiba na vumbi jekundu, na hata leo si tofauti sana.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, nyumbani kwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lisilokuwa lake, akalazwa kitandani kama nusu mwaka. Humo kitandani alisoma Biblia, na kilichomshika zaidi ni visa vya manabii wa Wana wa Israil. Baadaye akajifunza Kiebrania apate kuvisoma kwa lugha yake. Mie naona mtu huyu hakuwahi kutoka kitandani mle. Popote alipokwenda, aliitazama dunia kwa jicho la manabii wale walipoutazama Yerusalemu.

Nao waliutazama vipi? Chukua Ezekieli, ambaye baadhi ya wanazuoni wetu humtaja kwa jina la Hizqil. Alikuwa uhamishoni Babeli, akaonyeshwa mji wake katika maono. Aliona tundu ukutani mwa hekalu, akalipanua na kuingia. Ndani gizani wamesimama wazee 70, kila mmoja na chetezo mkononi, moshi wa ubani umetanda, na kuta zote zimechorwa wadudu na wanyama. Kwenye lango la kaskazini wanawake wameketi wakimlilia Tamuzi, mungu wa watu wa Babeli. Uani wako wanaume kama 25 waliolipa hekalu mgongo, wanalisujudia jua. Hawa hawakuwa wageni. Walikuwa watu wake, wazee wa taifa lake, ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu.

Kwa mafunzo hayo Krapf aliingia Ethiopia mwaka 1837. Kazi yake ya huko ilipokwama alikuja Unguja, Januari 1844, na Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Akakaa Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo huo homa ilimuua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga wa kike pia akafa. Akawazika bara, ng'ambo ya kisiwa. Mtu mwengine angalipanda chombo arudi kwao.

Yeye alibaki na kitabu chake. Mwezi wa Juni alikuwa ameanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Modehin, kama mwenyewe alivyoliandika jina lake. Hebu wafikirie wawili hao, padri na kadhi, wamelikabili jina la Nabii Ibrahim. Kisa cha Ibrahim kuvunja masanamu, tunachokisoma katika Suratul Anbiyaa, hakimo katika Mwanzo. Kilichomo ni cha Raheli aliyeyaficha masanamu ya babake chini ya tandiko la ngamia akayakalia, na cha Yakubu aliyeyafukia masanamu ya watu wa nyumbani mwake chini ya mti, karibu na mji wa Shekemu. Kadhi bila shaka alikuwa na la kusema hapo.

Mwaka 1846 Krapf alihamia Rabai pamoja na mwenziwe Rebmann. Kaya ilikuwa mji wa ngome ndani ya msitu, na kwa mtu aliyelelewa na habari za Babeli na Yerusalemu, mji usio na sanamu ni kitendawili. Hapakuwa na sanamu ya kusujudiwa. Fingo, lile kago la mji, lilizikwa ardhini, jicho halilioni. Mulungu aliyeombwa mvua hana umbo. Palikuwa na ngoma ya mwanza iliyonguruma usiku, ambayo wanawake walikatazwa kuiona. Palikuwa na koma, yaani waliokufa, waliomwagiwa tembo na kuchinjiwa. Krapf aliyapiga vita yote hayo. Wazee wakamruhusu ajenge, wakamsikiliza, kisha wakarudi kayani mwao. Aliowabatiza wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mimi ni Muislamu, sihalalishi kumwagia maiti tembo. Lakini Ezekieli alilitoboa ukuta hekalu la kwao. Krapf alikuja kutoboa la watu. Najua tofauti yake kwa sababu mimi pia nilitoboa.

Nilikuwa na miaka kama 20, nimetoka chuoni na elimu yangu ndogo, nikenda Taru. Uani kwa nyanya palisimama vigingi vya koma, kimoja cha babu. Nikaving'oa, nikavitia motoni, nikamwambia ni masanamu. Hakunigombeza. Alikivuta kile cha babu kabla hakijateketea, akakizima kwa mchanga, akaniambia kwamba hakuna mtu anayeomba mti. Ule ni babu, ili watoto wajue nani alitangulia. Hakunipikia siku ile.

Wiki hiyo hiyo mimi na wenzangu tulishuka Mackinnon Road, mwendo mfupi tu kutoka hapo, tukalizuru kaburi la Sayyid Baghali Shah, tukainua mikono tuombewe safari. Halikunipitia lolote moyoni.

Krapf naye alizidi kutembea. Mwaka 1848 alifika Usambara kwa Kimweri. Tarehe 3 Disemba 1849, akiwa Kitui, aliuona mlima Kenya na theluji yake, wakubwa wa jiografia Ulaya wakambishia. Mwaka 1851 msafara wake ulishambuliwa huko Ukambani, mwenyeji wake Kivoi akauawa, naye akatangatanga porini peke yake, maji akiyabeba ndani ya mtutu wa bunduki. Akaondoka 1853 afya imemwishia. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881, na mwaka uliofuata likatoka kamusi lake kubwa la Kiswahili.

Aliyekuja kuziondoa koma ndiye aliyeziandika. Tenzi zetu za Kiislamu pia alizipeleka Halle, Ujerumani, na miswada hiyo ikahifadhika.

Kaya sasa zinakatwa miti. Kinondo na nyenginezo ziliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, ila nasikia mimbarini na makanisani, kwa maneno yanayofanana kabisa, kuwa ni nyumba za masanamu. Wasemaji wengine nimesoma nao.

Kigingi cha babu kingali pale Taru, upande mmoja mweusi. Cha nyanya hakuna aliyemchongea. Mjomba ameniuliza mwaka wa tatu huu kama nitatoa ruhusa, maana mimi ndiye niliyekataza, na safari hii tena nimepanda gari bila kumjibu.