Siti Hakuazima Uso

Miongoni mwa wanafunzi wangu yumo msichana mwenye kipawa adimu cha kughani mashairi. Hata hivyo, kila nimwitapo mbele ya darasa huinamisha kichwa, kwani wenzake humcheka sura. Nimemshauri mara nyingi asijali, na shauri langu limekuwa sawa na kutwanga maji kwenye kinu. Juma lililopita niliacha kumshauri, nikamsimulia maisha ya Siti binti Saad.

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, wakati ambapo utumwa ulikuwa ungali halali. Babake alikuwa Mnyamwezi na mamake Mzigua. Mtoto huyo aliitwa Mtumwa. Hebu fikiri, msomaji mpenzi, kuitwa hivyo kila uchao! Hakubahatika kuingia shule. Alijifunza kufinyanga, akawa anatembeza vyungu hadi mjini akivinadi njiani, na katika kunadi huko watu wakaanza kuitambua sauti yake.

Mnamo 1911 alihamia mjini. Huko mwanamuziki Muhsin Ali alimfunza uimbaji, naye akashika mafunzo kwa bidii. Zama hizo taarab, iliyokuwa imestawi katika kasri la Sultan Barghash, ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya wachuuzi na wafinyanzi wenzake. Mtumwa sasa akawa Siti, jina la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Umaarufu ulizaa husuda. Mahasidi walimtungia nyimbo za kumkejeli kwamba hana uzuri, kwamba ni mtu wa shamba asiye na ukoo wa kutajika. Je, Siti alifanyaje? Hakujibandika nasaba ya uongo, wala hakujificha nyumbani akalia. Alijibu kwa wimbo. Humo hakudai kwamba yeye ni mzuri au kwamba ametoka katika jamaa bora. Alisema kuwa uzuri na ukoo si hoja, na kwamba aliyepata hasara ni mtu aliyekosa akili. Kejeli yao ikakosa pa kushika, maadamu mwenyewe hakuwa na la kuficha.

Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zake katika santuri. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Sauti iliyonadi vyungu sasa ikasikika katika miji mingi ya pwani na bara. Hata katika fahari hiyo hakuwasahau wanyonge. Wimbo wake kuhusu Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni, na jinsi adhabu ilivyowaangukia mashahidi ilhali mwuaji ametoroka. Alifariki mwaka wa 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Wengi hudhani kujikubali ni kuridhika na hali na kukaa kitako. La hasha! Siti alijikubali, kisha akafanya kazi. Uso wake aliuacha ulivyo, lakini sauti yake aliinoa mchana na usiku. Alijua kipi hakina haja ya kubadilishwa na kipi kinadai juhudi.

Nilipomaliza kusimulia, msichana yule aliniuliza ni nani aliyewakanya waliomcheka Siti. Sikuwa na jibu, na swali hilo lingali linanichoma. Nilikuwa nimemtaka mtoto ajikubali peke yake, huku mimi mwalimu nikiyasikia matusi na kunyamaza. Walimu wenzangu, Siti alikuwa mtu mzima alipokabiliana na kejeli, tena alikuwa na mwalimu aliyeithamini sauti yake. Mtoto wa shule anamhitaji vivyo hivyo mtu wa kumwambia kwamba sauti yake ina thamani, na wa kuwaambia wanaomcheka kwamba wamekosea.

Nitamwita tena aghani. Mara hii nitaanza na darasa.