Ngome Isiyojengwa kwa Mawe

Jina la Iringa, wasemavyo wenyeji, latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari hiyo, maana siku hizi kila mtu ajitafutia ngome yake: huyu mshahara, huyu cheo, huyu sifa za watu katika simu. Na makelele yamezidi, hata mtu hapati nafasi ya kujiuliza: ngome hiyo ikianguka, mimi nitabaki nani? Yuko mtu wa nyanda zetu hizi aliyefikwa na swali hilo kwelikweli. Ni Mtwa Mkwawa.

Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, alizaliwa Luhota karibu na mwaka 1855. Baba yake alipofariki, mwaka 1879 hivi, palitokea ugomvi wa utawala, naye akalazimika kukimbilia Ugogo. Baadaye akarudi, akawashinda wapinzani wake, akashika nchi ya Uhehe. Basi alijua maana ya kunyang'anywa kabla hajajua maana ya kumiliki.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, watu wake walikivizia kikosi cha Wajerumani wakamwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Bunduki nyingi ziliangukia mikononi mwa Wahehe. Lakini Wahehe wengi nao walikufa siku ile. Mkwawa akautegemea ukuta wa mawe uliouzunguka mji wake wa Kalenga. Miaka mitatu ikapita. Gavana Friedrich von Schele akaja na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 mji ule, uliokuwa fahari ya nchi, ukatekwa.

Hapo ndipo tumwonapo mtu mwenyewe, asiye na ukuta tena. Kwa muda wa karibu miaka minne alitangatanga porini, akiwindwa. Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa atakayemleta, na bado walikuwako watu waliomlisha na kumficha. Heshima hiyo haikutoka katika mawe ya Kalenga. Mkwawa alijua yeye ni nani, na tishio halikumgeuza. Sisi tulio na chakula na usingizi salama, mara ngapi twageuzwa moyo na habari moja tu iliyoingia katika simu kabla hatujanywa chai?

Lakini haifai kusimulia nusu. Wahehe walikuwa wamewafukuza Wasangu katika nchi yao, hata Merere na watu wake wakahamia Utengule ya Usafwa, upande wa Mbeya. Wajerumani walipofika, Wasangu wakawa upande wao. Mwenye nguvu huyajua sana majeraha aliyotiwa, ila ni mwepesi wa kuyasahau aliyowatia wengine. Nako kujua hayo ni sehemu ya kujijua.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, adui wakiwa karibu, Mkwawa alijipiga risasi. Hukumu ya roho ni ya Mungu peke yake, wala sisi hatumtupii jiwe mtu aliyewindwa miaka minne. Walakini hatuwezi kukisifu kifo hicho, wala hatutaki kijana yeyote akione kuwa ni njia. Yaonekana alijijua kuwa mtawala, hata asiweze kujiona kuwa kitu kingine. Na leo wako wengi namna hiyo: akifukuzwa kazi, au akishindwa mtihani, au akiharibikiwa na biashara, ajiona hana maana tena duniani, kwa sababu hakupata kujijua nje ya jambo lile moja.

Wajerumani walikikata kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru fuvu lake lirudishwe, lakini ilipita miaka 35. Fuvu lililokabidhiwa kuwa lake lilichaguliwa kwa vipimo katika makumbusho ya Bremen, na Gavana Edward Twining akamkabidhi mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi, tarehe 19 Juni 1954. Vipimo vile vilipima mfupa. Mtu mwenyewe havikumpima. Nasi leo twapimana vivyo hivyo, kwa hesabu za mishahara na za watu waliopenda picha zetu, kisha twadhani tumejuana.

Basi ndugu msomaji, uwe Mwanjelwa au Ipogolo, katikati ya honi na muziki wa maduka, yafaa jioni uiweke simu mbali kwa robo saa, ukae kimya. Jiulize mambo matatu. Leo nimefanya jema gani, na ni nani aliyenisaidia? Nimemwumiza nani? Na usiku huu nikiondolewa kazi yangu na mali yangu, kitabaki nini? Kanisa laita tendo hili kutafuta dhamiri, lakini asiye Mkristo naye aweza kulifanya kwa faida.

Swali la tatu ndilo gumu, wala usilikimbie. Litabaki jina uliloitwa na mama yako kabla hujawa na cheo chochote. Watabaki wale wakupendao bila kuuliza mshahara wako. Atabaki Mungu aliyekuumba. Na kama giza likiwa zito hata usiyaone hayo, usikae nalo peke yako: toka, ubishe hodi kwa jirani, kwa rafiki, kwa padre. Hapana aibu katika kubisha hodi.

Ukuta wa Kalenga ulivunjwa. Ngome ya moyo haijengwi kwa mawe, wala mzinga hauifikii. Ila yataka mwenyewe aijue, na kila jioni arudi ndani yake.