Dijkstra: Adui mkubwa wa kasoro za programu

EDSGER Dijkstra alipokwenda kuandikisha ndoa yake mjini Amsterdam mnamo 1957, alitaja kazi yake kuwa uandishi wa programu za tarakilishi. Maafisa walikataa, kwani hawakuijua kazi hiyo. Ikabidi aandikwe mwanafizikia.

Mwaka uliotangulia, mzaliwa huyo wa Rotterdam, Uholanzi (1930), alikuwa amebuni, akinywa kahawa na mchumba wake na bila kalamu, njia ya kutafuta barabara fupi zaidi kati ya miji. Ingali inatumika.

Lakini vita vyake vikuu vilikuwa dhidi ya kasoro. Wengi waliandika programu upesi, kisha wakaijaribu na kuitia viraka. Yeye alishikilia kwamba majaribio hufichua makosa yaliyopo, ila hayathibitishi kuwa hakuna mengine. Sharti uthibitisho wa kihisabati uandamane na uandishi wenyewe. Mnamo 1968 aliishambulia amri ya kurukaruka ndani ya programu, kwa kuwa ilifanya mantiki yake isifuatike. Baadhi ya wenzake walighadhabika. Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka wa 1972.

Ajabu ni kuwa bingwa huyo aliandika makala yake kwa kalamu ya wino. Alifundisha Texas, Marekani, kuanzia 1984 hadi 1999, akafariki Nuenen, Uholanzi, Agosti 6, 2002.