Sophie Germain: binti aliyenyimwa shule, akapata hesabu ya mtetemo wa vyuma

Mainjinia wa leo wakitaka kujua hali ya kipande cha mashini, bawa la ndege au daraja, wanaweza kuchukua nyundo na kukigonga. Si nyundo ya kawaida. Ndani ya kichwa chake kuna kipimo kinachoonyesha nguvu ya pigo. Vipimo vingine vidogo hubandikwa juu ya chuma ili kupokea mtetemo, na kompyuta inatenganisha mitetemo hiyo mmoja mmoja.

Sababu ya kazi hiyo ni kwamba kila kitu kina mitetemo yake ya asili. Injini ikizunguka kwa kasi inayolingana na mmoja wa mitetemo hiyo, chuma hutikisika zaidi na zaidi, na mwishowe kinaweza kupasuka. Ni lazima kujua hayo mapema. Mmoja wa watu wa kwanza waliotafuta hesabu yake ni mwanamke wa Ufaransa ambaye hakuruhusiwa kukanyaga shule ya juu: Sophie Germain.

Alizaliwa Paris tarehe 1 mwezi wa nne mwaka wa 1776. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na mwaka wa 1789 alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe wa wananchi. Mapinduzi yalipolipuka mwaka huo, Sophie alikuwa na miaka 13. Barabara za Paris zikiwa na fujo, alibaki nyumbani, katika maktaba ya baba yake. Humo alisoma habari za kifo cha Archimedes, mjuzi wa kale aliyeuawa na askari wa Roma akiwa amezama katika hesabu zake. Binti akajiambia kwamba kazi inayoweza kumfanya mtu asahau hata kifo, lazima iwe na utamu wake.

Wazazi hawakupendezwa. Wakati ule, hesabu hazikuonekana kuwa kazi ya msichana. Usiku walimnyang'anya mishumaa, wakazima moto wa chumba chake, wakaondoa nguo za baridi ili alazimike kulala. Naye alificha mishumaa mingine, akajifunika blanketi na kuendelea. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja walimkuta amesinzia mezani, na wino umeganda kwa baridi. Tangu hapo wakamwacha. Baadaye baba yake ndiye aliyemsaidia kwa pesa maisha yake yote, kwani Sophie hakuolewa na hakupata kazi ya mshahara.

Mwaka wa 1794, École Polytechnique ilifunguliwa Paris. Wanawake hawakukubaliwa. Sophie alitafuta karatasi za masomo, akasoma peke yake, kisha akampelekea profesa Lagrange kazi yake kwa jina la mwanafunzi wa kiume, Bwana Le Blanc. Lagrange alishangazwa na kazi hiyo na akataka kumwona aliyeiandika. Alipokuta ni mwanamke, hakumfukuza, bali alimtia moyo.

Kwa jina hilohilo, tangu mwaka wa 1804 aliandikiana barua na Gauss, mtaalamu mkubwa wa hesabu wa Ujerumani. Mwaka wa 1806, majeshi ya Napoléon yaliingia Braunschweig, mji wa Gauss. Sophie alikumbuka Archimedes, akaogopa. Akamwomba jenerali Pernety, rafiki wa familia, amlinde mtaalamu huyo. Gauss alishangaa kusikia kwamba ameombewa ulinzi na mwanamke asiyemjua. Mwaka wa 1807, Sophie alimwambia ukweli, na Gauss akamheshimu zaidi kuliko mwanzo.

Mwaka wa 1808, Mjerumani Chladni alifika Paris na jambo lililowashangaza wengi. Alimwaga mchanga juu ya sahani ya chuma, kisha akasugua ukingo wake kwa upinde wa violoni. Chuma kililia, na mchanga ukakimbilia sehemu ambazo hazitikisiki, ukachora mistari na nyota. Sauti ikibadilika, picha nayo inabadilika. Napoléon aliona hayo, na Institut de France ikatangaza shindano la kupata hesabu inayoeleza mitetemo hiyo. Zawadi ilikuwa medali ya dhahabu ya thamani ya franka 3.000.

Wataalamu wengi waliona kazi hiyo kuwa ngumu mno. Mwisho wa muda, mwaka wa 1811, ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameleta kazi: Sophie. Lakini hesabu yake ilikuwa na kosa, kwa sababu hakuwa amepata mafunzo kamili. Lagrange, mmoja wa waamuzi, alisahihisha kanuni hiyo. Shindano likarudiwa. Mwaka wa 1813, Sophie alionyesha kwamba kanuni iliyosahihishwa inalingana na picha za mchanga, akapewa sifa tu bila zawadi. Alirudi mara ya tatu, na tarehe 8 mwezi wa kwanza mwaka wa 1816, akatangazwa mshindi.

Siku ya sherehe, hakutokea. Waamuzi walikuwa bado wanaona kasoro katika maelezo yake, na Poisson, aliyechunguza swali hilohilo, hakutaka kujadiliana naye kwa uwazi. Kasoro zilikuwapo kweli: hesabu ya kingo za sahani ilikamilishwa na Kirchhoff mwaka wa 1850. Hata hivyo, njia ilikuwa imefunguliwa.

Ilichukua miaka mingine saba kabla ya Sophie kuruhusiwa kuhudhuria vikao vya Akademia ya Sayansi. Aliyemsaidia ni rafiki yake Fourier, katibu wa Akademia. Ni hesabu ya Fourier ambayo kompyuta za leo hutumia kutenganisha mitetemo baada ya pigo la nyundo.

Sophie Germain alifariki Paris tarehe 27 mwezi wa sita mwaka wa 1831, kwa kansa ya titi, akiwa na miaka 55. Katika cheti cha kifo hakuandikwa kama mtaalamu wa hesabu, bali kama mtu anayeishi kwa mapato ya mali yake. Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa mwaka wa 1889, ulikuwa na majina 72 ya wataalamu, yote ya wanaume. Jina la Lagrange lilikuwapo. La Fourier na la Poisson pia. La Sophie halikuwapo.